Kutatua, kuahirisha, kukubali au kujihurumia: njia ipi inamaliza vita vya moyoni?

"Achilia tu" ni ushauri unaotolewa kwa wepisi mno. Mtu anadaiwa, amekosana na ndugu yake, usiku hapati usingizi, halafu anaambiwa aachilie. Aachilie nini? Deni haliachiliki, maana kikoba kitakuja mlangoni. Ndugu naye si kitu cha kutupa. Kinachoweza kuachwa ni ile kesi inayoendeshwa kichwani kila siku kuanzia saa nane usiku, ambayo mwenyewe ndiye mshtakiwa, wakili na hakimu, na haijawahi kufika hukumu.

Zipo njia kadhaa za kuifunga kesi hiyo. Hazifanani, na ukiitumia moja pasipo pake inaongeza mzigo. Anayehitaji kupiga simu moja ngumu akiambiwa "pumua, kubali", anazidi kuchelewa. Aliyefiwa akiambiwa "panga hatua", anaonewa.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue mfano mmoja wa kubuni. Dada wa miaka 38 ana genge la mboga na ni mwanachama wa kikoba. Alimdhamini mdogo wake mkopo wa shilingi 900,000, urejeshwe mara sita kwa 150,000 (riba tuiweke pembeni). Mdogo wake alilipa marejesho mawili kisha akazima simu. Zimebaki 600,000, na kikoba sasa kinamtazama mdhamini. Ndani yake vita vinne vimechanganyika. Kuna deni lenyewe, kuna hofu ya itakuwaje mwezi ujao, kuna sauti inayomwambia "wewe mjinga, uliambiwa", na kuna uchungu wa kufanyiwa hivyo na damu yake, ambao hata deni likiisha hautaisha siku hiyo. Akivishughulikia vyote kwa dawa moja, vitatu vitabaki.

| Njia | Vita inavyovishika | Muda | Inapoharibika |
|---|---|---|---|
| Kutatua tatizo | Jambo lenye hatua unayoweza kuchukua wiki hii | Dakika 30 hadi 40 za daftari, kisha hatua yenyewe | Tatizo ni kubwa mno au linamtegemea mtu mwingine |
| Saa ya wasiwasi | Mawazo ya "itakuwaje" | Dakika 30 kila siku, wiki 2 hadi 4 | Ikifanyiwa kitandani |
| Kukubali | Uchungu usio na suluhisho la haraka | Dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku | Ikigeuzwa mbinu ya kufukuza hisia, au ya kuvumilia unyanyasaji |
| Kujihurumia | Kujilaumu na aibu | Dakika 3 hadi 5, sauti inapoanza | Uchungu wa zamani unapoibuka ghafla |
| Kumwachia Mungu | Yaliyo nje ya uwezo wako | Kwa kadiri ya ibada yako | Ikichukua nafasi ya hatua au ya matibabu |

Njia ambayo haimo kwenye jedwali

Wengi huanza kwa kujilazimisha kusahau, na hii haimo kwenye jedwali kwa sababu haifanyi kazi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, huko San Antonio, Marekani, waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, wale waliokuwa wamejizuia walimfikiria zaidi kuliko walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukitaka kuhakikisha wazo limefukuzwa, inabidi uendelee kulitafuta, na ukilitafuta utaliona. Pombe, simu hadi usiku wa manane, na kazi zisizo na mapumziko ni sura nyingine za juhudi hiyo hiyo.

Kutatua tatizo

Hii ndiyo ya kuanza nayo, na ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu haina harufu ya hekima. Inaonekana kama hesabu za dukani. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita "msongo" ni kazi ambayo haijafanywa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina mpango wa vikao vitano, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90, unaoendeshwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Umejengwa juu ya mambo manne: kupumua taratibu, kutatua matatizo, kurudi kwenye shughuli, na kutafuta watu wa kukushika mkono. Jaribio lake jijini Nairobi, lililochapishwa mwaka 2017, lilihusisha wanawake 421 waliokwisha kupitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii ndio walioongoza vikao, na baada ya miezi mitatu waliopitia vikao hivyo walikuwa na msongo mdogo kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaweka bibi wa mtaani kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya, wakiwasikiliza wagonjwa na kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilikuwa na watu 573, na baada ya miezi sita dalili za msongo za waliokaa kwenye mabenchi zilikuwa zimeshuka zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Tunayataja haya kwa sababu moja: bibi wa Harare hakuhitaji shahada, alihitaji utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Chukua daftari, andika kila kinachokusumbua, jambo moja mstari mmoja. Pembeni ya kila mstari weka herufi: W kwa linalowezekana, H kwa lisilo mikononi mwako, D kwa dogo lisilostahili usingizi wako. Ukurasa wa dada yetu ungekuwa hivi:

Nadaiwa 600,000 na kikoba: W
Mdogo wangu hapatikani: H
Majirani wanasema: D
Ada ya muhula ujao: W
Nilimwamini, kanifanyia hivi: H

Sasa achague W moja tu na aieleze kwa namba, bila machozi ndani ya sentensi. "Nimeharibikiwa na madeni" haina pa kushikwa. "Nadaiwa 600,000 kwa marejesho manne ya 150,000, la kwanza tarehe 5, na genge linabakiza 4,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi" inashikika: ni 104,000 kwa mwezi, kwa hiyo 150,000 haiwezekani, lakini 75,000 kwa miezi minane inawezekana na zinabaki 29,000 za dharura. Aandike kila anachoweza kufanya bila kukichuja: kuomba ratiba mpya, kuuza friji, hisa zake zikatwe, kumtuma mjomba kwa shemeji. Kisha achague kimoja na akipe siku, saa na mtu: Alhamisi saa kumi jioni, akitoka sokoni, anampigia mweka hazina kabla ya kikao cha Jumamosi, hesabu yake ikiwa mkononi. Mwisho aweke siku ya kupima kilichotokea.

Inaharibika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuchagua mlima. Ukiona hatua ya kwanza haiwezi kumalizika ndani ya wiki moja, igawe. Ya pili ni kupanga hatua inayomtegemea mwingine. "Nitamfanya mdogo wangu arudishe" si hatua, maana ufunguo uko kwake. "Nitamtumia shemeji ujumbe mmoja" ni hatua. Ya tatu ndiyo yenye hila: kutatua kile kilichowekwa H. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akipanga namna ya kumfanya ndugu yake ajute, na kila siku akaamini anashughulikia jambo.

Saa ya wasiwasi

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake, Pennsylvania, Marekani, walipendekeza mbinu inayoonekana ya kitoto: mpe wasiwasi miadi. Ina hatua nne. Jifunze kulitambua wazo la wasiwasi linapoanza. Weka nusu saa ile ile, mahali pale pale, kila siku. Wazo likija nje ya muda huo, liahirishe na urudi kwenye ulichokuwa unafanya. Muda ukifika, wasiwasi wako uushughulikie kwa bidii yote, dakika 30, kisha usimame.

Inafanya kazi kwa sababu hulikatai wazo, unalipangia tu saa yake. Akili inayoambiwa "usiwaze" inakaidi, lakini ikiambiwa "saa kumi na moja jioni" inakubali kwa urahisi zaidi.

Sasa mambo madogo yanayoamua kama itashika. Saa nzuri ni kati ya kumi na kumi na mbili jioni. Usiku ni vibaya kwa sababu mwili utaunganisha wasiwasi na kulala. Usikae kitandani wala kwenye kiti unachopumzikia. Chagua kigoda cha uani, mahali pasipo na kazi nyingine. Wazo likija mchana, andika maneno mawili tu kwenye karatasi ndogo mfukoni, "ada, Juni", na si ukurasa mzima, kwa sababu ukurasa mzima ni kuwaza kwa kalamu. Jioni, soma orodha. Mengi utayakuta yameshapoa, yapige mstari. Linalobaki moto na lina hatua, lipeleke kwenye daftari la W. Lisilo na hatua lina njia yake hapo chini.

Kosa linaloiua ni kukosa miadi. Siku tatu za kwanza utaiona rahisi kama mchezo, halafu siku ya nne umechoka, unaruka. Kuanzia hapo akili haikuamini tena ukisema "baadaye", na mawazo yanarudi saa nane usiku kama kawaida. Kwa hiyo, hata siku ambayo huna wasiwasi wowote, kaa dakika tano na karatasi tupu.

Njia hii haifai kwa huzuni ya msiba wala kwa kumbukumbu za tukio la kutisha. Hayo si wasiwasi wa kesho, na kuyapangia saa ni kuyadharau.

Kukubali: kuipa hisia nafasi bila kuitii

Hapa ndipo neno "kuachilia" lina kazi yake halisi, na ndipo linaeleweka vibaya kuliko popote. Unachokikubali ni hisia iliyopo kifuani sasa. Hukubali kwamba kilichotendeka kilikuwa sawa, na hukubali kiendelee. Dada anaweza kukubali uchungu wake na wakati huo huo akakataa katakata kudhamini tena.

Njia hii ilipewa umbo lake la kitaalamu na mwanasaikolojia Steven Hayes wa Nevada, Marekani, na wenzake kuanzia miaka ya 1980. Toleo lake jepesi liko karibu nasi: mpango wa WHO wa vikao vitano vya saa mbili mbili, vikundi vya watu 20 hadi 30, unaosikilizwa kwa sauti iliyorekodiwa na kusindikizwa na kijitabu cha picha. Ulijaribiwa kwa wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha msongo umepungua hata baada ya miezi mitatu. Watu hao hawakuwa na namna ya kutatua vita vya nchi yao. Ndiyo maana jaribio hilo lina uzito kwa mtu ambaye orodha yake imejaa H.

Zoezi la msingi linachukua dakika tano hadi kumi, na mpangilio wake ni muhimu.

Anza na miguu. Bonyeza nyayo sakafuni, nyoosha mgongo, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona na sauti tatu unazozisikia. Huku ni kujishikiza, na usiruke hatua hii. Mtu mwenye kumbukumbu nzito akifumba macho na kuzama ndani moja kwa moja anaweza kufurika, kwa hiyo macho yaache wazi ukitaka.

Kisha litaje wazo kama wazo. Badala ya "nimeachwa peke yangu", sema "linanijia wazo kwamba nimeachwa peke yangu". Inaonekana kama mchezo wa sarufi, lakini inakuweka hatua moja nyuma ya sentensi, unaitazama badala ya kuitazama dunia kupitia kwake.

Halafu itafute hisia mwilini. Iko kooni? Kifuani? Ina joto au ni nzito? Mipaka yake iko wapi? Vuta pumzi kwa hesabu ya tatu, itoe kwa hesabu ya tano au sita, na kila unapovuta acha pumzi ipite pale pale penye uzito. Usijaribu kuuondoa. Uache uwepo kwa pumzi kumi.

Mwisho, na hapa wengi huishia njiani, inuka ufanye kitu kimoja chenye thamani kwako hisia ikiwa bado ipo. Dada anathamini kuwa mama mwenye utulivu: basi anamsikiliza mwanawe kwa robo saa, uchungu ukiwa kifuani. Bila hatua hii, kukubali kunageuka kujikalia.

Makosa. La kwanza ni kuitumia kama dawa ya kufukuza: "nimekubali dakika kumi, mbona bado inauma?" Ukiuliza hivyo ujue bado unapigana, umebadilisha silaha tu. Kipimo sahihi ni kama umefanya lile jambo la thamani, haijalishi kuliuma kiasi gani. La pili ni hatari zaidi: kumpa zoezi hili mtu anayepigwa nyumbani au anayefanyishwa kazi bila malipo. Huyo anahitaji usalama kwanza, na anayemwambia akubali anamsaidia mpigaji. La tatu ni kuharakisha. Msiba wa mwezi huu hauhitaji mbinu. Unahitaji watu, chakula na muda.

Kujihurumia

Mawazo mengine hayatokani na kesho wala na aliyekukosea. Yanatoka kwa mwendesha mashtaka wa ndani: mjinga, mzembe, unajifanya mwema. Kutatua hakusaidii, kwa sababu hakuna tatizo la kutatua, na kukubali peke yake kunachosha kwa sababu sauti yenyewe ni katili. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, alieleza mwaka 2003 sehemu tatu za huruma kwa nafsi: wema kwa nafsi badala ya hukumu, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa wanadamu wote, na kuuona uchungu ulivyo bila kuukuza wala kuuficha. Baadaye, akiwa na mwanasaikolojia mwenzake Christopher Germer, alitengeneza kozi ya wiki nane.

Toleo la dakika tatu lina sentensi tatu, na unaweza kuliongoza mwenyewe mkono ukiwa kifuani. Ya kwanza inaeleza: "Hili linaniuma." Ya pili inapanua: "Si mimi wa kwanza kumwamini ndugu akaniangusha." Ya tatu inatoa kitu: "Pole. Sasa hivi nahitaji nini?" Zitamke kwa lugha unayoitumia nyumbani. Sentensi za kukariri zenye maneno makubwa kama "najipenda bila masharti" hugoma, na mtu anayejichukia akijilazimisha kuzisema anaweza kujihisi vibaya zaidi. Kama hujui useme nini, fikiria rafiki yako amekuja analia kwa jambo hilo hilo, na ujiambie kile ambacho ungemwambia yeye.

Wanaoipinga njia hii husema inazaa uzembe. Inaweza, kama ukiitumia kukwepa sehemu yako. Basi ongeza sentensi ya nne: "Sehemu yangu ilikuwa hii." Dada hakuiba pesa za mtu, sehemu yake ni kwamba alisaini bila kuuliza mdogo wake anaingiza kiasi gani kwa mwezi. Hilo ni kosa lenye ukubwa wake, linaweza kurekebishwa, na halihitaji jina la "mjinga".

Jambo la kuangalia ni hili: watu waliokua kwa matusi na viboko, wanapojipa wema kwa mara ya kwanza, wakati mwingine machozi ya miaka yanapanda ghafla, au hasira, au ganzi. Germer ameligusia sana, na anashauri usilazimishe. Acha zoezi, rudi kwenye nyayo na vitu vitano, kisha jifanyie wema wa kawaida usiohitaji maneno: oga maji ya vuguvugu, kunywa chai, kaa na mtu asiyeuliza maswali. Ikijirudia kila mara, fanya zoezi hili ukiwa na mnasihi, si peke yako.

Na huruma kwa aliyekukosea? Ije baadaye, isitangulie. Ukimhurumia mdogo wako kabla hujajihurumia mwenyewe, mara nyingi unameza hasira tu. Ikija kwa wakati wake, inaweza kukuonyesha kijana aliyetishwa na deni akakimbia. Hilo halimrudishii sifa ya kukopeshwa. Kumsamehe na kumdhamini ni mambo mawili.

Kumwachia Mungu

Wasomaji wengi wa Kiswahili wataanzia hapa, na hakuna ubaya. Tatizo hutokea pale ibada inapotumwa kufanya kazi ambayo si yake. Hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi inamweleza mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache na kutawakali. Akajibiwa amfunge, kisha atawakali. Wakristo nao wanayo maneno ya Mathayo sura ya 6 ya kutosumbukia kesho, na yanaihusu kesho, si rejesho la tarehe 5 ambalo limeshafika.

Kwa hiyo dua au sala yenye manufaa kwa vita hivi ina sehemu mbili zinazotamkwa: nitakachofanya mimi ni hiki, ninachokuachia ni hiki. Chukua daftari lile lile. W zinaingia sehemu ya kwanza, H ya pili. Ukiona umemwachia Mungu simu ya mweka hazina, rudi ukaipige.

Kuna faida ya mwili pia. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la BMJ, kwa watu wazima 23, ulionyesha kwamba kusoma rozari kwa Kilatini, au kurudia mantra (maneno mafupi ya ibada ya Kibudha), kulishusha pumzi hadi kama sita kwa dakika, kasi inayosaidia moyo kupiga kwa utaratibu mzuri. Uradi au rozari inayosomwa taratibu, ibara moja kwa pumzi moja ndefu, huenda ikafanana na hilo. Ikisomwa kwa haraka ili hesabu itimie, faida hiyo ya pumzi inapotea, hata kama thawabu ni jambo la Mwenyewe.

Pale inapoharibika panajulikana. Mtu anaambiwa wasiwasi wake ni imani haba, basi anaanza kujilaumu kwa kuwa na wasiwasi, vita vya tano vikaongezeka. Au anaambiwa aache dawa. Au analipishwa kwa kila maombi, na dada mwenye 29,000 za dharura anazitoa zote. Kiongozi wa dini anayefaa hapa ni yule anayekuombea na kukuuliza umeshaongea na kikoba.

Na kuandika?

Inasaidia, lakini tunaiweka pembeni. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, tangu mwaka 1986, aliwafanya watu waandike yaliyowaumiza dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, bila kujali tahajia. Wengi hutoka wakiwa na huzuni zaidi saa ile ile, na nafuu huja baadaye kama itakuja. Ifanye mchana, kwa jambo ambalo limepita miezi kadhaa, kwenye karatasi unayoweza kuichoma. Ukijikuta unaandika yale yale kwa maneno yale yale siku ya nne, acha. Huko ni kusaga upya.

Kuzipanga

Kama unachagua moja tu, jiulize kinachokuamsha usiku kina hatua ya wiki hii au hakina. Kina: tatua, hata kama moyo unataka kufarijiwa kwanza. Hakina na ni cha kesho: saa ya wasiwasi. Hakina na kimeshatokea: kukubali. Kinakutaja jina lako kwa tusi: kujihurumia. Ibada inaweza kukaa pamoja na yoyote kati ya hizi, na kwa anayeamini inazipa uvumilivu ambao daftari halina.

Usianze zote Jumatatu moja. Kwa dada yetu tungepanga hivi: siku ya kwanza daftari na herufi; kabla ya kikao, simu; na kuanzia siku hiyo ya kwanza, kigoda cha saa kumi na moja jioni, kwa wiki mbili. Sentensi tatu kila sauti inapoanza, hata akiwa gengeni. Zoezi la kukubali lianze wiki ya pili, deni likiwa na ratiba, kwa sababu ni vigumu kukaa na uchungu wa ndugu wakati mlango unagongwa. Kabla ya hapo atajidanganya kwamba anaomboleza, kumbe anamkwepa mweka hazina.

Vipo visivyoendana. Kukubali na kuahirisha kwa wazo moja siku moja kunachanganya, chagua. Kujihurumia kabla ya simu ngumu kunafaa, badala ya simu hiyo hakufai.

Pima kwa vitu vinavyohesabika: umeamka mara ngapi usiku, umefanya hatua ngapi kati ya ulizopanga, umeongea na watu wangapi wiki hii. Usipime kwa "najisikiaje", maana jibu linageuka kila baada ya saa.

Na zipo hali ambazo hakuna hata moja ya hizi inayotosha peke yake. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita na ambalo lina tafsiri ya Kiswahili, linatoa alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 mhudumu anapaswa kukutazama kwa makini. Huhitaji dodoso ili uende: wiki mbili za kukosa usingizi, kutokula, kushindwa kazi na kutofurahia chochote zinatosha. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Yakiwepo, hata kidogo, usiyapangie saa ya jioni. Mwambie mtu mmoja leo hii, usikae peke yako, sumu na dawa za ziada ziondolewe nyumbani, na ufike kituo cha afya kilicho karibu. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo.